Kikosi kazi cha wananchi cha uwazi: sio polisi, sio mapambo, sasa ni nini?

Halmashauri ikipigiwa kelele sana kuhusu hela, haupiti muda unasikia tangazo kwamba kutaundwa kikosi kazi cha wananchi kuangalia mambo ya uwazi. Hapohapo watu wanagawanyika. Kuna wanaoshangilia kwamba safi, sasa wezi watatiwa ndani, na kuna wanaosema hakuna lolote hapo, ni watu wanatafutiana posho. Nimefuatilia mabishano haya mara nyingi na naona pande zote mbili zinagombania kitu ambacho hazijaelezwa vizuri, na sio kosa lao, kwa sababu wanaotangaza hizi kamati mara chache wanakaa chini kusema zitafanya nini, zinaruhusiwa kuona nini na zikimaliza inakuwaje. Ngoja nijaribu kulifungua taratibu.

Tuanze na maneno yenyewe. Serikali za mitaa ni ile ngazi ya serikali iliyo karibu zaidi na mlango wako, iite halmashauri, manispaa, kaunti au jiji, jina linabadilika nchi kwa nchi lakini kazi zinafanana: taka, mitaro, barabara za ndani, masoko, zahanati, vibali vya ujenzi. Uwazi maana yake unaweza kuona kinachofanyika. Uwajibikaji maana yake aliyefanya anatakiwa akujibu, na jibu likiwa bovu kuna kitu kinampata. Haya mawili watu wanayachanganya kila siku halafu wanashangaa mbona taarifa zimebandikwa ubaoni na bado hakuna kilichobadilika.

Chukua mfano wa fundi anayekujengea nyumba wewe ukiwa mbali. Akikutumia picha ya risiti ya mifuko 40 ya saruji, huo ni uwazi. Ukimuuliza mbona ukuta wenyewe unaonekana haujala hata mifuko 25 na akalazimika kueleza mingine iko wapi, hapo ndo tunaongelea uwajibikaji. Sasa yule ndugu yako unayemtuma aende saiti, ahesabu mifuko, apime ukuta halafu akupigie simu akwambie alichokiona kwa macho yake, huyo ndiye kikosi kazi. Hawezi kumfukuza fundi wala hashiki mwiko ajenge yeye, ila ameenda na risiti mkononi na amelinganisha, na fundi anajua kwamba kuna mtu amelinganisha.

Kwa kawaida kikosi kazi, wengine wanakiita jopokazi, kinaundwa kwa ajili ya kazi moja, kinapewa muda, kinatoa ripoti kisha kinavunjwa. Ndo tofauti yake na kamati ya kudumu. Ila jina lisikudanganye, maana mji wa San Francisco Marekani una sheria yake ya uwazi tangu 1993 na chombo cha kuisimamia wanakiita kikosi kazi mpaka leo ingawa hakijawahi kuvunjwa. Kina wajumbe 11 wenye kura, wanateuliwa na baraza la mji, lakini baadhi ya viti majina lazima yapendekezwe na watu wa nje kama chama cha waandishi wa habari. Mkazi akinyimwa hati anapeleka malalamiko pale, yanasikilizwa hadharani na wanatamka kama ofisi imevunja sheria au haijavunja. Kutoza faini wenyewe hawawezi, wanapeleka mbele kwa vyombo vingine. Hata hicho chenye sheria nyuma yake, basi, kazi yake kubwa ni kusema kwa sauti kilichotokea.

Hapo ndo tunafika kwenye swali ambalo kwangu lina uzito kuliko yote, nani anakiunda? Kuna vinavyoundwa na serikali yenyewe. Jimbo la Illinois, hukohuko Marekani, lilipitisha sheria 2022 inayozitaka mamlaka nyingi ndogo za mitaa, kama zile za bustani za umma na za zimamoto, kila baada ya miaka 10 ziunde kamati ya kujiangalia zinavyofanya kazi na zinavyowajibika, ikae angalau vikao 3 na itoe ripoti ndani ya miezi 18. Ni jambo zuri, ila ukisoma nani wanakaa kwenye kamati unakuta ni wajumbe wa bodi ileile pamoja na wakazi wasiopungua 2. Wawili tu. Sisemi hao wawili hawawezi kitu, nasema wanaingia kwenye chumba ambacho wengi wao ndo wanaokaguliwa, kwa hiyo usitegemee mambo makubwa bila msaada wa watu walioko nje ya chumba.

Halafu kuna vinavyoanzishwa na wananchi bila kuomba ruhusa ya mtu. Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Rajasthan, India. Mwaka 1990 wakulima na vibarua, pamoja na watu kama Aruna Roy aliyekuwa ameacha kazi serikalini, walianzisha umoja wao unaoitwa MKSS. Vibarua walikuwa wanafanya kazi za miradi ya serikali na hawalipwi stahili yao, wakilalamika wanaambiwa rekodi zinaonyesha hamkufanya kazi. Wakaanza kudai waone hizo rekodi. Desemba 1994 wakaanza vikao vya wazi kijijini, wanavyoviita jan sunwai, yaani usikilizwaji wa umma, na kilichofanyika pale ni kitu rahisi mno: mtu anasimama na karatasi ya malipo anasoma majina kwa sauti mbele ya watu haohao. Fulani, siku kadhaa, kalipwa kiasi hiki. Na wanakijiji wanajibu, huyo alishakufa, huyu hajawahi kukanyaga pale, mimi ndiye huyo na sikupewa hiyo hela. Hawakuhitaji mhasibu. Walihitaji karatasi na watu waliokuwepo. Mapambano yale yaliendelea, ikiwemo mgomo wa kukaa barabarani siku 40 katika mji wa Beawar 1996, na yalichangia sana India kupata sheria ya haki ya taarifa 2005.

Nimekaa hapo kidogo kwa sababu ndo moyo wa jambo lote hili. Meno ya kikosi kazi cha wananchi ni ile karatasi ya ofisini ikishawekwa kando ya kitu kilichopo mtaani. Kikiwa na karatasi peke yake kinakuwa kikundi cha kusoma ripoti, na kikiwa na malalamiko ya mtaani peke yake kinakuwa kikundi cha kulalamika.

Sasa kukiunda. Kitu cha kwanza kuandika ni hadidu za rejea. Neno linatisha ila maana yake ni karatasi inayosema tumetumwa nini, mpaka lini, tunaruhusiwa kuona nini na tunampelekea nani majibu. Hapa ndipo vikosi vingi vinakufa vikiwa bado vichanga. Mtu anaandika "kuchunguza ubadhirifu wote katika halmashauri" na wote wanapiga makofi, halafu kikao cha pili mmoja anataka barabara, mwingine anataka ajira, mwingine ana kesi yake ya kiwanja ya miaka mingi, na kikao cha tatu hakifiki akidi. Swali dogo linaloshikika ni bora mara mia. Kwa mfano, miradi ya mitaro iliyotengewa hela mwaka jana, ni mingapi ilijengwa, kwa urefu gani, na nani alilipwa nini? Hilo linajibika ndani ya miezi michache na likijibiwa mnakuwa mmejifunza njia, swali linalofuata litakuwa jepesi.

Na kwenye hadidu hizo msisahau sentensi moja ya siku: ofisi itajibu maombi ya nyaraka ndani ya siku ngapi. Bila hiyo mtaambiwa "faili liko kwa bosi" mpaka muda wenu uishe. Kama nchi ina sheria ya haki ya taarifa mnatumia siku zilizomo. India ni siku 30, Uingereza siku 20 za kazi, Kenya kwa sheria ya 2016 ni siku 21. Ila angalieni sheria ipi inaihusu ofisi ipi, watu wengi wanakosea hapo. Wamarekani wengi wanaitaja ile sheria yao maarufu ya uhuru wa taarifa ya 1966 wakidhani inafungua makabati ya halmashauri yao, kumbe inahusu ofisi za serikali kuu tu, mitaa inafuata sheria za majimbo. Kwa hiyo kabla ya kuandika barua jueni mnasimama juu ya kifungu gani, maana ofisa anayetaka kukwepa ataanzia hapohapo.

Wajumbe je? Watu wanapenda kujaza majina makubwa, mstaafu fulani, kiongozi wa dini fulani, mfanyabiashara anayejulikana. Mimi ningeanza na swali lingine kabisa, nani kati yetu ana tenda na halmashauri, nani ana ndugu ofisini, nani anajipanga kugombea? Huo ndo mgongano wa maslahi, na kuwa nao sio dhambi ila kuuficha ndo kunaua kazi nzima, kwa sababu siku ripoti ikitoka na kuuma mtu, kitu cha kwanza atakachotafuta ni hicho. Basi kila mjumbe aandike maslahi yake kwenye karatasi, karatasi iwekwe wazi, na likija jambo linalomgusa atoke nje ya kikao. Baada ya hapo changanyeni. Pateni mmoja anayejua kusoma hesabu, mmoja anayejua ujenzi kidogo, anayejua kuandika vizuri, na zaidi ya hao watu wanaotumia huduma yenyewe kila siku, mama anayeuza sokoni, dereva, mtu mwenye ulemavu anayejua ngazi ipi ya ofisi haina njia ya kiti chake. Sehemu nyingine wanachagua baadhi kwa kura ya bahati kutoka kwa waliojitolea, inapunguza sana maneno ya "mmewekana".

Hapa kuna dhana nataka niiguse, kwamba bila wahasibu hamtaelewa kitu. Mahesabu ya halmashauri yanatisha kwa sababu yanatolewa kama lundo, sio kwa sababu ni magumu. Kwa swali moja mnahitaji nyaraka chache tu. Bajeti inasema tulipanga nini. Mkataba unasema tulikubaliana na mkandarasi nini, na ndani yake kuna mchanganuo wa vipimo, hiyo ndo karatasi tamu kuliko zote kwa sababu inataja mita, idadi, unene. Hati za malipo zinasema hela ilitoka lini na kwenda kwa nani. Na kumbukumbu za vikao zinasema nani aliamua. Ziweke hizo nne mezani kwa mradi mmoja, soma polepole, zikipishana mahali umepata swali. Kumbuka umepata swali tu, mwizi bado hujampata. Ripoti nyingi za wananchi zimezikwa kwa kosa hilo la kurukia neno "wizi" kabla ya kumuuliza mhusika, ofisa akaja na jibu halali la kitu kimoja na vingine kumi vya kweli vikaonekana uzushi.

Dhana nyingine ni kwamba kuweka kitu kwenye mtandao ndo uwazi umeshakamilika. England halmashauri zinatakiwa kutangaza kila malipo yanayozidi pauni 500, na ni hatua kubwa kweli, lakini fungua moja ya hizo jedwali uone, ni mistari kwa maelfu, jina la kampuni, tarehe, kiasi, na neno moja kama "huduma". Ukitaka kujua huduma gani unarudi palepale pa kuomba hati. Wenyewe wana kitu kizuri zaidi ambacho hakiimbwi sana, kila mwaka kuna siku 30 za kazi ambazo vitabu vya hesabu za halmashauri vinafunguliwa, watu wanaenda kukagua hesabu pamoja na mikataba na ankara zake, na mpiga kura wa pale anaweza kumuuliza mkaguzi maswali na hata kuweka pingamizi. Dirisha la namna hiyo kikosi kazi kikijiandaa nalo mapema, maswali tayari yameandikwa, kinapata mengi kuliko kuperuzi jedwali mwaka mzima.

Halafu kuna hii ya kwamba taarifa ikitoka tu basi mambo yananyooka. Mfano wa Uganda unatajwa sana. Utafiti ulionyesha kati ya 1991 na 1995 shule za msingi kwa wastani zilikuwa zinapata asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotoka serikali kuu kwa ajili yao, nyingine ikiishia njiani wilayani. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kinachotumwa, na shule zikatakiwa kubandika kwenye mbao zao kiasi walichopokea, na kufikia 2001 shule zikawa zinapata zaidi ya asilimia 80. Ni kisa cha kutia moyo sana na ninakiamini, ila kipindi hichohicho kulikuwa na mageuzi mengine pia kwenye namna hela inavyotumwa na kusimamiwa, kwa hiyo gazeti halikufanya kazi peke yake. Kilichonigusa ni jinsi taarifa yenyewe ilivyokuwa ndogo: namba moja, ya shule moja, ukutani kwa shule hiyohiyo, ambapo mzazi anaweza kusimama akalinganisha na madawati anayoyaona dirishani.

Na msidhani sehemu zenye sheria nyingi ziko salama. California ina sheria ya vikao vya wazi tangu 1953, ajenda ya kikao cha kawaida lazima ibandikwe saa 72 kabla. Bado 2010 gazeti la Los Angeles Times lilifichua kwamba mji mdogo wa Bell, wenye wakazi wengi wa kipato cha chini, ulikuwa unamlipa meneja wake, Robert Rizzo, karibu dola 800,000 kwa mwaka, na madiwani wengi wa kazi ya muda karibu dola 100,000 kila mmoja, sehemu kubwa kwa kukaa kwenye bodi ambazo vikao vyake vilikuwa dakika chache. Mlango ulifunguliwaje? Mwaka 2005 kulipigwa kura maalum ya kubadilisha hadhi ya mji, mabadiliko yaliyouondoa kwenye kikomo cha mishahara ya madiwani, na waliopiga kura hawakufika 400. Sheria ilikuwepo, kura ilikuwa ya wazi, kilichokosekana ni mtu wa kuuliza hii maana yake nini. Baadaye mkazi alipoomba kujua mishahara akapewa karatasi yenye namba za uongo. Wananchi walipojua walijipanga, Machi 2011 wakawaondoa madiwani kwa kura, na Rizzo akahukumiwa miaka 12 jela 2014. Kwa hiyo ukiwa na kikosi kazi, chukua pia karatasi ya pili kutoka chanzo kingine, benki, mkaguzi, mkandarasi, usitegemee moja.

Kuna upande wa pili ambao wapenda uwazi tunausahau na sio vizuri. Sio kila kitu ni cha kila mtu. Jina la mgonjwa wa zahanati, anwani ya mtoto, orodha ya familia zinazopewa msaada na sababu za kupewa, hivyo kikosi kazi kikivipata kinatakiwa kuvifunika. Ombeni idadi badala ya majina pale inapotosha. Hela ya umma ni yetu sote ila umaskini wa jirani yako sio tangazo.

Mwisho wa kazi ni ripoti, na kuhusu ripoti nina neno moja tu: pendekezo liwe na ofisi, kitendo na tarehe. "Halmashauri iimarishe uwazi" hilo halimgusi mtu. "Ofisi ya mhandisi ibandike kwenye kila saiti urefu, gharama na jina la mkandarasi kabla kazi haijaanza, kuanzia mwezi wa saba" hilo unaweza kwenda na kuangalia kama limefanyika.

Niliwahi kuwa kwenye kikundi kidogo cha namna hii, watu sita, swali letu lilikuwa mtaro mmoja. Mkataba ulisema mita 300. Tukaenda na futi kamba ya fundi, mmoja anashika mwanzo mwingine anavuta, tukapima vipande vipande maana kamba ilikuwa fupi, tukafika mwisho wa zege tukiwa na 212. Pale mwisho ulikuwa umekatika tu kama mkate, mbele yake majani. Unaweza kuwaza hasira tuliyokuwa nayo, mwenzetu mmoja alikuwa tayari anaandika kwenye grupu kwamba wameiba mita 88. Tukamzuia, tukaandika barua ya swali moja, mita 88 ziko wapi? Jibu lilichukua wiki tano. Zilikuwa mtaa wa nyuma. Maji yalikuwa yanaingia kwenye nyumba za watu kule, kikao kikaamua kuhamisha sehemu ya kazi, na tulipoenda kupima tukazikuta, 88 kasoro kidogo. Hakuna aliyekuwa ameiba. Ila kumbukumbu za kikao kile hazikuwahi kubandikwa popote, na watu wa mtaro wa kwanza walikuwa wamekaa mwaka mzima wakiamini wameibiwa, wakigoma hata kuchangia usafi wa mtaro wenyewe. Pendekezo letu lilikuwa la mstari mmoja, maamuzi ya kubadilisha mradi yabandikwe pale mradi ulipo ndani ya siku 7, na karatasi ya kwanza kubandikwa ilikuwa ya mtaro uleule, pale zege lilipokatikia.